Sumukuvu: madhara yanayoanzia ndani ya seli za ini

Kila mara sumukuvu inapoua watu Afrika Mashariki, mjadala hupita njia ile ile. Viongozi huzuru vijiji vilivyoathirika, sampuli za mahindi hupelekwa maabara, wananchi huhimizwa kutupa nafaka zilizoota ukungu, na baada ya wiki kadhaa suala lote husahaulika hadi msiba mwingine utokee. Mwaka 1981 ilikuwa Machakos, nchini Kenya, ambako wagonjwa 20 waliripotiwa na 12 kati yao wakafariki. Mwaka 2004 yakaja maafa makubwa zaidi katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, yaliyoacha wagonjwa 317 na vifo 125. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, ambako watu 68 waliugua na 20 wakapoteza maisha. Misiba hii inaumiza, na hakuna anayepaswa kuidogosha. Hata hivyo, naamini imetuzoesha kulitazama tatizo kwa upande wake mdogo, kwa sababu hesabu hizo zinawataja tu wale ambao maini yao yalishindwa kazi ndani ya siku chache. Ukiifuata sumu hii hadi mahali inapofanyia kazi, kwenye protini na DNA za seli za ini, utagundua kwamba inawadhuru pia watu wengi ambao hawakuugua msimu ule, na kwamba madhara hayo yanaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana.

Sumukuvu inayohusika hapa ni aflatoksini, na aina yake iliyo kali kuliko zote ni aflatoksini B1, inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, hasa Aspergillus flavus, ambao hustawi kwenye mahindi na karanga katika maeneo ya joto. Kuvu hawa hawasubiri ghala. Huweza kuingia kwenye gunzi likiwa bado shambani, hasa mmea unapodhoofishwa na ukame na wadudu wanapotoboa punje, kisha huendelea kuzaliana pale mahindi yanapohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Dunia iliitambua sumu yenyewe kupitia ndege: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na uchunguzi wa mashudu hayo ndio uliofikisha wanasayansi kwenye aflatoksini.

Molekuli ya aflatoksini B1 ni ndogo na bapa, na atomi zake zimeungana katika pete kadhaa zilizoshikamana. Umbo hilo linaeleza mambo mawili yanayomhusu kila mpishi. Kwanza, molekuli hii ni imara mbele ya joto: huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi ili ianze kuvunjika kwa kiasi cha maana, ilhali maji ya ugali huchemka kwenye nyuzi 100 au chini kidogo. Mpishi anaweza kuusonga ugali mpaka mkono uchoke, akaua kuvu wote waliokuwamo kwenye unga, na sumu waliyoiacha ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Pili, molekuli hii hupenya kwenye mafuta kwa urahisi, hivyo hupita kwenye ukuta wa utumbo bila kizuizi kikubwa na kuchukuliwa na damu moja kwa moja hadi kwenye ini.

Jambo la kushangaza hutokea hapo. Aflatoksini B1 kama ilivyoliwa haina uwezo wa kujifunga kwenye DNA, na ini lenyewe ndilo linaloipatia uwezo huo. Ini lina kundi la vimeng'enya viitwavyo sitokromu P450, ambavyo kazi yake ni kushughulikia vitu vigeni visivyoyeyuka vizuri kwenye maji, kama vile dawa nyingi tunazomeza, kwa kuviongezea oksijeni ili viweze kutolewa kwa mkojo au nyongo. Kwa vitu vingi mpango huu hufanikiwa. Kwa aflatoksini B1, vimeng'enya viwili vya kundi hilo, vinavyojulikana kama 3A4 na 1A2, huweza kuipachika oksijeni mahali pabaya, kwenye kingo ya pete mojawapo, na kuzalisha kitu kinachoitwa epoksidi. Epoksidi ni muundo wa pembetatu wenye mkazo mkubwa, usioweza kudumu, unaotafuta kitu cha kushikamana nacho mara tu unapoundwa. Ndani ya maji huishi kwa muda usiozidi sekunde chache. Muda huo mfupi unatosha kabisa kufika kwenye kiini cha seli, ambako DNA imehifadhiwa.

Kwa kuwa ni bapa, epoksidi hiyo hujipenyeza baina ya ngazi za DNA kama karatasi inavyochomekwa katikati ya kurasa za kitabu. Ikiwa hapo, hukutana na guanini, mojawapo ya besi nne zinazoandika maelekezo yote ya urithi, na kujifunga kwenye atomi moja ya naitrojeni ya besi hiyo. Kifungo hiki ni cha kikemia hasa, na hakilegei kwa kunywa maji mengi wala maziwa, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana. Seli inazo protini za ukarabati zinazoweza kukikata kipande kilichoharibika na kukijaza upya, na katika hali nyingi zinafaulu. Vipande vya guanini vilivyobeba sumukuvu huonekana kwenye mkojo wa watu waliokula chakula kilichochafuliwa, na maabara hutumia kipimo hicho kujua nani amekula sumu hivi karibuni. Lakini baadhi ya vifungo hubadilika umbo, pete ya guanini ikafunguka, na hali hiyo mpya ni sugu zaidi mbele ya ukarabati. Seli ikigawanyika kabla kasoro haijaondolewa, mashine ya kunakili DNA husoma vibaya mahali hapo na kuweka herufi isiyostahili. Palipokuwa na G, yaani guanini, panakuwa na T, yaani thaimini, na seli zote zitakazozaliwa kutokana na hiyo zitairithi T.

Kosa la herufi moja katika DNA yenye herufi bilioni kadhaa linaweza lisiwe na athari yoyote. Yote hutegemea limeangukia wapi. Mwaka 1991 timu mbili za watafiti, moja ikichunguza wagonjwa wa saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na nyingine wagonjwa kutoka kusini mwa Afrika, zilitangaza kwamba zimekuta kosa la aina hiyo likijirudia mahali pale pale, kwenye kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249 ya jeni ya p53. Katika wagonjwa wa Qidong lilionekana kwenye uvimbe 8 kati ya 16 uliochunguzwa. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo huisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika isigawanyike, au huiamuru ijiue. Badiliko la G kuwa T kwenye kodoni ya 249 huondoa asidi ya amino iitwayo arginini na kuweka serini, na protini hupoteza uwezo wake wa kushika DNA. Seli iliyoharibiwa na sumukuvu inakuwa pia imepokonywa kile ambacho kingeizuia kuzaliana. Ni nadra sana katika tiba kukuta kisababishi kilichoacha alama inayosomeka namna hii, na kwa msingi wa ushahidi wa aina hii aflatoksini imewekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mwili haukai kimya wakati haya yanatokea. Ulinzi wake mkuu ni glutathayoni, molekuli ndogo iliyojengwa kwa asidi tatu za amino, ambayo huishika epoksidi kabla haijafika kwenye DNA na kuifanya iweze kutolewa nje. Kuna kimeng'enya maalumu kinachoharakisha kazi hiyo, na nguvu yake hutofautiana sana kati ya viumbe. Panya wadogo wa maabara wana aina yake yenye kasi kubwa, na ndiyo maana hustahimili dozi ambazo panya wakubwa hupata nazo saratani, wakati aina tuliyo nayo binadamu ni dhaifu kwa epoksidi hii mahususi. Kwa hiyo hoja inayosikika mara nyingi vijijini, kwamba kuku wamekula mahindi hayo na hawakufa, haithibitishi kitu. Kuku ni wastahimilivu kuliko bata na bata mzinga, na ini la kuku halituambii ini la mtoto litafanya nini.

Glutathayoni hujengwa kutokana na protini tunazokula, na watoto wenye kwashakoo hukutwa na kiwango chake kikiwa chini sana. Hapa biolojia na umaskini vinagongana kwa namna ambayo, kwa maoni yangu, ilipaswa kuwa kiini cha sera zetu zote za sumukuvu. Familia inayokula ugali mara mbili kwa siku kwa sababu haina uwezo wa kununua maharage, dagaa au maziwa, inakula sumu nyingi zaidi kwa sababu mahindi ndiyo karibu chakula chake chote, na papo hapo inakosa malighafi ya kujenga kinga dhidi ya sumu hiyo. Ukiongeza virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo vimeenea katika ukanda wetu, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Kinga ya mwili inapopambana na virusi hivyo huua seli za ini zilizoambukizwa na kuzilazimisha nyingine zigawanyike haraka ili kuziba pengo, na mgawanyiko wa haraka ndio unaoyageuza makosa ya DNA kuwa ya kudumu kabla hayajakarabatiwa. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai ulionyesha kwamba waliokuwa na alama za aflatoksini mwilini pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wasio na lolote, wenye virusi pekee mara 7 hivi, na wenye vyote viwili karibu mara 60. Chanjo ya homa ya ini aina ya B wanayopewa watoto wetu wachanga ni mojawapo ya silaha bora tulizonazo dhidi ya madhara ya sumukuvu, ingawa sijawahi kusikia ikielezwa hivyo kliniki.

Maafa ya Makueni na Dodoma yalitokana na mchakato huo huo ukiwa umezidiwa. Dozi inapokuwa kubwa mno, glutathayoni ya ini huisha. Sehemu ya epoksidi hugeuka kuwa kemikali nyingine inayojifunga kwenye protini za seli, utengenezaji wa protini mpya husimama, na seli hufa kwa wingi. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu na albumini inayozuia maji ya damu yasivuje kwenye mishipa, hivyo mgonjwa hupata manjano, tumbo na miguu hujaa maji, na wengine huvuja damu mpaka kufa. Katika maafa ya 2004, sampuli 350 za mahindi na unga zilikusanywa kutoka kwenye masoko ya maeneo yaliyoathirika, na asilimia 55 zilizidi kiwango cha kisheria cha Kenya cha wakati huo, yaani sehemu 20 kwa bilioni, huku asilimia 7 zikizidi sehemu 1,000. Mahindi hayo yaliuzwa kama mahindi mengine yoyote.

Kwa nini yaliuzwa? Tazama mahindi yanavyonunuliwa. Mnunuzi anaingiza bambo kwenye gunia, punje kadhaa zinamdondokea kiganjani, anazitazama rangi, anazinusa, anachagua moja na kuiuma. Ikivunjika kwa mlio mkavu, biashara inaendelea. Ujuzi huo ni halisi na umesaidia vizazi vingi kutambua mahindi mabichi, ila jino linapima unyevu na pua inapima uvundo, wala hakuna kiungo cha mwili kinachohisi sehemu 10 kwa bilioni. Punje zenye sumu kali zinaweza kuwa chache sana ndani ya gunia zima, na punje isiyo na doa la ukungu inaweza kuwa nayo. Kipimo rahisi cha chumvi kinachofundishwa na maofisa ugani, ambapo mahindi hutikiswa pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ili kuona kama chumvi itanata kwenye kuta, kinafaa zaidi kuliko jino, maana kinamwonyesha mkulima kwamba unyevu bado umezidi asilimia 15 na hapaswi kufunga gunia. Nacho pia hupima unyevu tu. Sumu ambayo tayari imo kwenye punje inahitaji kipimo cha maabara au vifaa maalumu vya kupimia papo hapo, na vifaa hivyo havimo kwenye mashine za kusaga mitaani kwetu.

Kiwango cha juu kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla ya aflatoksini, na sehemu 5 kwa aflatoksini B1 pekee. Watu wengi, wakiwamo baadhi ya watendaji, hukisoma kiwango hicho kana kwamba chini yake kuna usalama na juu yake kuna hatari. Kemia niliyoieleza haikubali mgawanyo huo. Kamati ya kimataifa inayotathmini sumu katika chakula haikuweka kiasi cha aflatoksini kwa siku kinachoweza kuitwa salama, kwa sababu kitu kinachojifunga kwenye DNA huongeza hatari kidogo kidogo kadiri kinavyoongezeka. Mtu mzima anayekula gramu 400 za unga wenye sehemu 10 kwa bilioni anaingiza mikrogramu 4 za sumu kwa siku. Ni kiasi kisichoonekana kwa macho, lakini ukikihesabu kwa molekuli unapata zaidi ya trilioni 7,000. Nyingi zitatolewa salama, nyingine zitageuka epoksidi na kufika kwenye DNA. Kiwango hicho hicho kina uzito tofauti kwa mtu wa mjini anayechanganya wali, viazi, ndizi na mkate, na kwa mtu wa Kiteto au Kondoa ambaye mahindi ndiyo maisha yake. Kibali cha ubora kwenye mfuko wa unga ni muhimu na ninakitetea, ila hakiwezi kubeba mzigo wote, hasa pale ambapo familia inakula mahindi iliyoyavuna yenyewe, ambayo hayapiti kwa mkaguzi yeyote.

Watoto ndio wanaonifanya niandike kwa ukali kidogo. Watafiti walipopima damu ya watoto 148 wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, walikuta albumini iliyofungwa na aflatoksini kwa asilimia 84 yao, na ufuatiliaji wa watoto wa vijiji hivyo ulionyesha kiwango kikipanda kadiri walivyozidi kula chakula cha familia. Albumini iliyofungwa namna hiyo hudumu kwenye damu kwa wiki kadhaa, hivyo kipimo hiki hakimaanishi kwamba mtoto alikula uji mbaya jana. Kinaeleza anachokula kila siku. Unga wa lishe, ule wenye mahindi na karanga ambao akina mama wanahimizwa kwa nia njema kabisa kuwapa watoto, unaunganisha mazao mawili yanayopendwa zaidi na kuvu huyu. Sisemi uachwe. Nasema anayemshauri mama autumie anapaswa kumwambia pia achambue karanga moja moja, atupe zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, akoboe mahindi kabla ya kusaga maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye pumba na kiini, na achanganye nafaka kama ulezi au mtama pale zinapopatikana. Zile pumba nazo zisipewe ng'ombe wa maziwa bila kufikiri, kwa kuwa ini la ng'ombe huigeuza B1 kuwa aflatoksini M1, ambayo hutoka kwenye maziwa. Hali ni hiyo hiyo kwa maziwa ya mama.

Ushahidi kwamba jambo hili linaweza kubadilishwa unatoka Qidong yenyewe, ambako watu walihama kutoka kula mahindi kwenda kula wali kuanzia miaka ya 1980, alama za aflatoksini katika damu zao zikaporomoka, na vifo vya saratani ya ini vikapungua sana, hata katika vizazi vilivyozaliwa kabla ya chanjo. Kwetu hakuna atakayewaambia watu waache ugali, na hakuna haja. Kuanika kwenye turubai au kichanja badala ya udongoni, kupura bila kuvunja punje, kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kutumia Aflasafe, dawa ya kibiolojia inayosambaza shambani kuvu wa jamii hiyo hiyo wasiotengeneza sumu ili wawanyime nafasi wale wabaya, ni mbinu ambazo tayari zipo Tanzania na Kenya. Kinachokosekana ni sababu ya kiuchumi ya kuzitumia. Dalali anayekuja shambani na lori lake hamlipi zaidi mkulima aliyetumia turubai, na mkulima anayesubiri wiki mbili zaidi ili mahindi yakauke hupoteza uzito kwenye mizani.

Machi 2021 Kenya ilizuia kwa ghafla mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti ya usajili na vyeti vya upimaji. Pande zote zililitazama tukio hilo kama mgogoro wa biashara. Mimi nilijiuliza jambo jingine: lori lililorudishwa mpakani lilipeleka wapi mzigo wake? Mahindi yaliyokataliwa hayapotei. Hushuka bei, huchanganywa na mengine, husagwa kuwa chakula cha mifugo, huingia kwenye pombe ya kienyeji, au huuzwa kwa yule ambaye hana hela ya kuchagua, na tumeshaona kwamba huyo ndiye ambaye ini lake lina glutathayoni kidogo zaidi. Wakati wa maafa ya 2004 serikali ya Kenya ilipeleka chakula mbadala katika maeneo yaliyoathirika ili watu waache kula mahindi yenye sumu, na naona utaratibu wa aina hiyo unapaswa kuwa wa kudumu katika nchi zetu zote: ghala la umma linalopima bure, linalomlipa nyongeza mkulima aliyeleta mahindi safi, na linalonunua kwa bei ndogo lakini halisi yale yaliyochafuka ili yateketezwe mbele ya mashahidi. Ni gharama, na wizara za fedha zitaipinga. Mkulima akiombwa ateketeze chakula chake bila fidia mwezi Februari, wakati ghala liko karibu kwisha na watoto wanasubiri, ataosha punje, ataanika tena juani, na kuzipeleka mashineni.